Blanketi la Betri

Tausi alikuwa amejifungua jana yake, na mama yake, Bi Sikudhani, hakuwa na maji ya moto ya kumkanda. Kuni zilipigwa marufuku kwa sababu ya hewa. Majiko ya umeme ya kigeni yalikusanywa ili nchi ijitegemee, na ya kwetu bado yalikuwa yanakuja. Jikoni ilisimama Betri ya Taifa, imejaa pomoni, imetengenezwa kwa jiwe jeusi lililochimbwa shambani kwa Bi Sikudhani mwenyewe. Kila nyumba ilitunza moja, na kutumia umeme wake kulikuwa kosa.

Bi Sikudhani akatua karai la maji juu ya betri, maji yakapata uvuguvugu kwa joto lake. Mjumbe wa mtaa akaja kukagua, akachovya kidole.

"Shikamoo, bibi. Hili joto ni la taifa."

"Marahaba. Na huyu aliyezaa ni wa nani?"

"Vumilia, jiko lako linakuja."

"Linakuja tangu Tausi hajavunja ungo."

Mjumbe akayamwaga maji uani.

Kesho yake kweli kikaletwa kitu: blanketi nene, jipya, la kuifunika betri joto lisipotee. Bi Sikudhani akalipokea kwa mikono miwili, akamfunika mwanawe hadi shingoni, kisha akakaa mlangoni, mchi mapajani, akimngoja mjumbe.