Kikombe cha Nne

Siku hizi kila zoezi la Kiingereza lazima liwe na picha ya nyumbani, na mtambo ukishalisahihisha, kata nzima hulisoma mtandaoni. Ndiyo maana Sikudhani, aliyemficha mdogo wake Salha chumba cha uani asionwe na mume aliyemkimbia, mwenye ngumi nyepesi, alisimamia mwenyewe picha ya meza ya chai.

“Mwalimu-mtambo kasemaje?” alimuuliza bintiye, Zuleha.

“Kauliza mbona vikombe vinne na sisi tuko watatu.”

“Mdaku huyo. Ukamjibu?”

“Kwa sentensi ndefu, mama. Kanipa kumi juu ya kumi.”

“Hebu nisomee.”

Kiingereza cha Sikudhani kiliishia kwenye gudi moningi. Zuleha alisoma kwa madaha, na mama akasikia jina la Salha mara mbili.