Saa Tatu Zilizopotea

Jibu likatoka tatu tena. Mwalimu alifuta, akaanza upya, na hesabu haikumwonea huruma: tatu.

Kutoka kiwanda cha saruji hadi nyumbani ni kilomita mia tatu na sitini. Lori la mumewe hukimbia kilomita sitini kwa saa. Mume alijigamba hivyo mwenyewe tangu siku za uchumba. Hiyo ni safari ya saa sita. Lakini kila Alhamisi karatasi ya getini inasema katoka saa moja asubuhi, na nyumbani anabisha hodi saa kumi jioni. Saa tisa nzima! Sita jumlisha x ni sawa na tisa. Hata mwanafunzi wake mzito kuliko wote angeipata hiyo x.

Ila x hii, Mwalimu aliamini, ilikuwa na nyumba kando ya barabara, na kitanda kilichotandikwa vizuri.

Dalili zilikuwepo, tena tele. Mume siku hizi hamtazami machoni. Ujumbe wa simu hajibu, anapiga tu: "Kuandikiana kwa nini, mke wangu? Nataka sauti yako." Maneno matamu hayo! Juzi Mwalimu alivaa gauni jipya, akapita mbele yake mara mbili, na bwana mkubwa akaendelea kula. Miaka kumi na tisa ya ndoa, jamani. Alikwenda kulia bafuni, bomba akaliacha wazi watoto wasimsikie.

"Leo ulisimama wapi?" alimuuliza.

"Sikusimama popote."

"Kabisa?"

"Kabisa, Mwalimu. Hata chai sikunywa."

Uongo wa mchana kweupe. Mwalimu akaapa moyoni: atamwona huyo mwanamke kwa macho yake, kisha atafungasha virago.

Jumatano akaomba ruhusa shuleni, akapanda basi hadi kiwandani. Alhamisi alfajiri alipanda kwenye lori mapema, akaketi kiti cha abiria, mkoba mapajani. Mumewe akaingia, akawasha injini. Mwalimu alipokohoa ndipo mwanamume akaruka.

"Lo! Mke wangu! Umefuata nini huku?"

"Leo tunarudi wote."

Mumewe alijipangusa jasho, na hali kulikuwa na baridi. "Haya," akasema. "Karibu."

Wakaondoka. Mwalimu alikagua kila nyumba, kila dirisha lenye pazia, kila mwanamke aliyesimama barazani. Lori halikusimama. Mshale wa kasi nao haukuvuka arobaini. Hata trekta likawapita likiwapigia honi. Anavuta muda huyu, Mwalimu aliwaza, anatafuta pa kunishusha. Akaendelea kukagua madirisha. Mwizi hukamatwa na kidhibiti.

Saa sita mchana wakateremka kilima kidogo. Chini, watoto wa shule wenye sare za manjano walikuwa wanavuka barabara wameshikana mikono, mstari mrefu. Mwalimu alingoja mumewe akanyage breki.

Mumewe aliinama juu ya usukani, pua karibu iguse kioo.

"Mke wangu," akasema polepole, "hebu nisaidie. Yale ya manjano pale mbele, ni maua au ni watu?"