Vikombe Saba na Kimoja

Kijiko kiligonga kikombe, taratibu, kabla hakujapambazuka. Salha, karani wa benki, aliifuata sauti hiyo hadi jikoni mwa meli iliyozuiliwa bandarini kwa madeni. Mpishi wa meli hiyo, Mzee Faki, alikuwa amejaza chai vikombe saba. Akaongeza cha nane, mwishoni kabisa.

"Hicho chako, mjukuu wangu. Kunywa, umekuja na baridi."

"Mbona changu cha mwisho, babu?"

"Hakimu kasema. Meli ikiuzwa leo, mishahara ya mabaharia kwanza. Rehani ya benki yenu nyuma yetu."

Salha alitoa karatasi aliyotumwa nayo. "Basi tia sahihi hapa, kwamba baharia anayedai ni wewe peke yako."

"Na wenzangu sita?"

"Si walikufa kwa homa safarini?"

"Walikufa, lakini kazi walifanya. Wake zao wanangoja."

Salha alivitazama vikombe. Hakuna aliyevigusa, lakini sita vilikuwa vimefika nusu. Aliigeuza karatasi ya benki, akashika kalamu.

"Nitajie majina yao, babu. Nitayafikisha mahakamani kabla ya mnada."

Mzee Faki aliyataja polepole. Kila jina lilipoandikwa, kikombe kimoja kilikauka. Kisha akamfungia Salha maandazi mawili ya njiani.

Salha aliposhika ngazi ya kushukia, nyuma yake vijiko sita vilianza kugonga vikombe.

"Njoo tena, mjukuu wangu," mzee alimwita kutoka jikoni. "Wanakuomba."