Mlango wa Debe

"Mwenye nyumba asimame hapa, tupime mlango," fundi alisema.

Ndugu na majirani wa mtaa wa Pasiansi, waliokuwa wakikanda udongo tangu asubuhi, wakageuka kutazama. Mjomba wa Ng'washi akajifuta mikono, akakohoa, akasogea penye pengo la mlango.

"Mzee wangu," mkewe akamchokoza, "wakoloni wameondoka juzi tu, wewe unataka kutawala nyumba ya mtoto?"

Watu wakaangua kicheko.

Ng'washi ndiyo kwanza alikuwa anafika kutoka ziwani, debe la maji kichwani. Nyumba ilikuwa yake, na matofali yale yote alikuwa ameyafyatua mwenyewe. Miaka yote aliyoishi kwa mjomba, kila akiingia na maji ilimbidi ainame mlangoni kama anayeomba radhi, nayo yakimmwagikia shingoni.

Akapita katikati yao, akasimama penye pengo.

"Tua debe kwanza, binti, nikupime."

"Nipime nalo."

Fundi akamtazama mjomba. Mjomba akalitazama debe, akaitazama ile shingo iliyolowa, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Mpime nalo," akasema. "Na uongeze vidole vinne."

Ng'washi akanyoosha shingo.