Transmita ya Pampu

Mkewe alipouliza kwa mara ya tatu kama mtu mwingine anaweza kuisoma transmita hiyo, Pampu alikirudisha kile kidude mezani kwa kishindo mpaka visanduku vikaruka.

Muuzaji alijifanya hajaona. Alikuwa mtu wa kitambi na maneno mengi, na duka lake la vifaa vya kuzamia lilikuwa dogo kiasi kwamba wateja wawili wakigombana, na yeye yumo. Akaeleza upya. Transmita ndiyo hii, ukubwa wa kidole gumba. Unaifunga kwenye regulata, ile ya kuvutia pumzi, juu ya mtungi wa hewa, nayo inatuma presha ya hewa moja kwa moja kwenye kompyuta unayovaa mkononi kama saa. Hakuna mpira wa kuning'inia, hakuna geji ya kupimia hewa ya kukodolea macho kwenye matope. Ila lazima transmita na kompyuta zielewane, la sivyo zitakaa kama majirani walionuniana.

"Na kompyuta ya mwenzangu je, nayo inapata?" mkewe akauliza.

"Zenu za aina moja, shemeji. Itapata. Ila msiachane zaidi ya mita moja, mbili. Shikaneni mikono kama wachumba."

Pampu hakucheka. Alishajua kidude hicho kinanunuliwa kwa ajili ya mtungi wa nani.

Wawili hao walikuwa wapiga mbizi wa bwawa la maji ya jiji. Kazi yao ilikuwa kusafisha vyuma vya kuzuia takataka, mita kumi na nne chini, bega kwa bega. Miaka mitatu nyuma Pampu aliibuka na mtungi mtupu, macho yamemtoka kama kaa, na tangu siku hiyo kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Pampu, kwa jinsi anavyokula hewa. Mkewe alipumua kama mjusi ukutani. Haikuwahi kutokea siku akatoka na hewa kidogo kuliko mumewe, na wenzao hawakuchoka kumkumbusha Pampu hilo.

Hayo angeyameza. Kilichomkaba kooni ni hili lililoanza mwaka jana. Kila baada ya dakika chache huko chini, mkewe anamgonga begani, anauliza kwa ishara: umebaki na ngapi? Akimwonyesha kwa vidole, haridhiki. Anavishika kimoja kimoja, kama anahakikisha havijapungua. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, anahesabiwa vidole kwenye matope kama mtoto wa chekechea.

Muuzaji akaweka transmita mbili mezani. Moja ndogo, betri yake imezibwa humo humo, ikiisha unairudisha kiwandani. Nyingine kubwa kidogo, betri unabadilisha mwenyewe.

"Hebu nisomee hapa nyuma," mkewe akamsukumia Pampu sanduku. "Maandishi ya sisimizi haya."

Pampu akasoma, meno yamebanana. Mkewe akazipima zote mbili kiganjani, akazizungusha vidoleni, kisha akachagua ile kubwa. Hii, akasema, hata gizani ataipata.

Hapo ndipo uvumilivu ulipomwishia Pampu. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

"Unachunga simu yangu, nanyamaza. Unachunga chumvi kwenye sahani yangu, nanyamaza. Sasa mpaka pumzi?"

Muuzaji ghafla akakumbuka ana kazi stoo.

"Sikuchungi," mkewe akasema.

"Kesho tunazama pamoja kwa mara ya mwisho. Keshokutwa namwomba msimamizi anipe mwenza mwingine. Na wewe tafuta wako, umhesabu vidole mpaka kucha."

Mkewe alikuwa kama mtu aliyepigiwa simu kwamba nyumba yake inaungua. Halafu akageukia mlango wa stoo, akamwambia muuzaji amfungie ile kubwa.

Hasira ya Pampu ililala naye, ikaamka kabla yake, ikatangulia kazini.

Chumba cha vifaa pale bwawani kilinuka mpira na unyevu. Pampu aliuburuta mtungi wake mpaka katikati ya sakafu kwa kelele zote alizoweza, akabwaga spana kando yake.

"Haya, funga. Unganisha na mkono wako, unichunge kwa nafasi. Leo ndiyo mwisho."

Mkewe akaokota spana. Akaupita mtungi wa mumewe, akaenda kupiga magoti kwenye mtungi wake mwenyewe, ule wenye kitambaa kilichofungwa shingoni. Akaufungua mpira wa geji, akautupa pembeni bila hata kuutazama. Akapapasa tundu la regulata kwa ncha ya kidole, akaikaza transmita pole pole, akafungua hewa.

"Lete mkono wako," akasema. "Washa kompyuta, ufanye alivyotuelekeza yule bwana."

Pampu akabonyeza, kwa ubishi tu, aone mchezo huu unaishia wapi. Namba ikatokea.

"Inasema ngapi?"

"Mia mbili na tano." Uso wake ulikuwa bado umekunjamana. "Sasa hewa yako niichunge mimi ya nini?"

"Namba za geji yangu macho yangu hayazioni toka mwaka jana," mkewe akasema. "Wewe ukiwa na hewa, najua mimi ninayo zaidi. Nilikuwa nasoma vidole vyako."