Aliyemwosha Sikudhani

Siku yake ya mwisho kazini, Daktari Perpetua alibaki peke yake ofisini. Alikuwa mganga mkuu wa mkoa kwa miaka kumi na tisa, na mjini hapakuwa na nyumba aliyowahi kualikwa kula. Watu walimkumbuka kwa mwaka ule wa kipindupindu, alipopiga marufuku matanga na kuwazika wafu bila ndugu zao.

Alasiri mzee mmoja alibisha hodi. Alisema anaitwa Kibwana, fundi cherehani wa sokoni.

"Mke wangu Sikudhani alifia kwenye kambi yenu ya wagonjwa," alisema. "Sikuruhusiwa kuingia. Nimesikia unaondoka, nikaona nije niulize. Alioshwa?"

"Alioshwa, mzee wangu."

"Na nani?"

"Na mimi. Wauguzi walikuwa wamezidiwa. Nilimwosha kwa maji ya dawa, nikamkafini kwa shuka la wodini. Alikuwa na hina miguuni."

"Alipaka kwa ajili ya harusi ya mdogo wake." Kibwana akaketi bila kukaribishwa. "Miaka yote hii nimekuchukia, daktari."

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Mzee alinyoosha mkono juu ya meza, akaushika wa daktari, akaugeuza kiganja juu na kuutazama. Nje, dereva aliyekuja kumchukua daktari alipiga honi, kisha akapiga tena. Hakuna aliyeinuka.