Redio Imesema Vyema

"Wingi wa samaki ni nini?" redio iliuliza, kisha ikanyamaza kidogo kungoja jibu.

"Masamaki!" watoto wa shule ya Dunga wakajibu kwa kishindo.

"Vyema kabisa, watoto!" redio ikasema.

Mwalimu Nasambu akageuka kutoka ubaoni. Nyuma ya darasa, mkaguzi aliyeileta redio hiyo juzi alikuwa akiandika huku akitabasamu.

"Ni samaki, si masamaki," Nasambu alisema kwa sauti ya chini.

"Lakini mwalimu, redio imesema vyema!"

Mkaguzi akainua kalamu. "Madam, usiingilie kipindi cha redio."

Chaki ilikuwa bado mkononi mwa Nasambu. Akaiweka mezani, akaizima redio.

"Haya, jibuni tena," akasema. "Sasa kuna anayewasikia."